Dubu wa Uwandani na Mtani Wangu wa Kichaga

Nyie wote mlionizunguka kwenye chai baada ya ibada mkaniuliza, "Nakijwa, ilikuwaje huko Kanada?", mniwie radhi. Kila mmoja nilimmegea kipande chake, kisha nikashika mkoba nikakimbilia shifti. Matokeo yake sasa nasikia kwamba dubu alinirarua bega, kwamba shemeji yangu kalazwa, na kwamba dagaa wa Mama Riziki walikamatwa na polisi. Hakuna hata moja lililo kweli, ingawa hilo la dagaa limekaribia. Leo sina kazi, mvua inanyesha hapa Thamesmead kama imetumwa, basi nakaa niwaandikie yote kwa mpangilio, asiniulize mtu tena.

Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Anayeyataka aje nyumbani nimpikie makande nimsimulie, na nina hakika atasinzia kabla hajamaliza sahani.

Thamesmead hadi Heathrow

Safari ilichelewa kabla haijaanza. Nimeshafunga mlango, begi liko koridoni, mara nasikia ndala zinashuka ngazi. Ni Mama Riziki wa ghorofa ya juu, yule Mkongo wetu wa Bukavu, kakumbatia furushi la mifuko ya plastiki ndani ya mifuko mingine. Nikamwambia begi limejaa. Akanitazama kama mtu aliyesikia matusi.

"Beba, dada," akasema. "Mutu haende kwa mukubwa wake mikono mitupu."

Walikuwa ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, wengi wa kulisha harusi. Nikafungua begi pale pale koridoni, nikatoa sweta mbili, nikaingiza dagaa. Hizo sweta nilikuja kuzililia, lakini wakati huo nilijiona mjanja.

Kwenye treni kutoka Abbey Wood nilipata nafasi kubwa kuliko siku zote. Kila aliyekaa karibu nami alivuta pumzi, akatazama huku na huku, halafu akakumbuka ana shughuli behewa jingine. Nilikuwa nimeinamisha uso kwa aibu, mara mzee mmoja wa Kihindi, kavaa koti safi la sufu, akaja akaketi mbele yangu kwa hiari yake. Akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

Akaniuliza kwa Kiswahili cha Mwanza kisicho na doa kama dagaa hao ni wa Mwanza au wa Kigoma. Nikamwambia ni wa ziwa la Kigoma, ila ng'ambo ya Kongo. Akatikisa kichwa kama daktari aliyethibitisha ugonjwa. Kumbe alizaliwa Mwanza, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na sasa anakaa Queensbury na siku hiyo alikuwa anakwenda Hayes kumwona binti yake. Alinisimulia dagaa wa kukaanga na limau mpaka mate yakanijaa. Kabla ya kushuka akaniusia jambo moja: nikifika tu nisiwaache kwenye plastiki, watavunda, niwaanike juani siku nzima. Nikamwahidi. Hiyo ahadi ikumbukeni, maana mzee wa watu hakujua anatupeleka wapi.

Angani, na forodhani

Ndege ilikaa chini muda mrefu sana baada ya milango kufungwa. Rubani aliomba radhi mara kadhaa, kila mara kwa sababu mpya. Jirani yangu wa kiti alikuwa kijana mwenye mabega mapana aliyelala kabla hatujaruka, akaegemea bega langu mpaka Kanada, na ndiyo maana bega lilikuwa bado linaniuma nilivyorudi. Nani aliyegeuza hilo likawa dubu sijui, lakini nina mtu ninayemshuku.

Chakula kilikuwa kuku mweupe asiyejua chumvi ni nini. Nikamla kwa pilipili yangu ya mkobani.

Calgary, ofisa wa forodha alifungua furushi la Mama Riziki mfuko baada ya mfuko, kwa subira, kama anayemenya kitunguu. Alipofika kiini akarudi hatua nyuma. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni samaki. Akauliza wote hawa wana macho? Nikamwambia ndiyo, na tunawala nayo. Akamwita mwenzake aje aone, mwenzake akamwita mwingine, nikawa nimesimama pale nafundisha upishi huku watu nyuma yangu wakiguna kwa hasira. Mwishowe akafunga mifuko yote haraka kuliko alivyoifungua, akanikaribisha nchini kwao.

Basi la uwandani

Dada yangu Namkunda hakai Calgary. Anakaa mbali upande wa mashariki, mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano, anafanya kazi ya uuguzi. Nchi yenyewe ni tambarare, unaweza kumwona mtu anayekuja kukutembelea kesho. Milima iliachwa nyuma kabisa, na mti ukiuona unamwonyesha mwenzio.

Nusu ya safari tairi la basi likapasuka. Tukashushwa kando ya barabara kumsubiri fundi, na hapo ndipo nilipojuana na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anafuma soksi amesimama, bila hata kuangalia sindano. Nikampa maandazi. Akaniuliza yanapakwa nini, nikamwambia hayapakwi kitu, akala moja, akatia jingine mfukoni kwa heshima. Tukawa marafiki.

Aliposikia natoka Tanzania akasema basi mimi wanyama wakali siwaogopi, nimekua na simba. Ikanibidi nimweleze kwamba nimezaliwa Same, mbuga iko pale jirani, na simba nimemwona kwenye fulana za watalii tu. Tembo ndio tunaowajua, na hao tunawajua kwa hasara, maana wanakula mahindi. Akasikitika kidogo. Nadhani alitaka kuwa amekutana na mtu wa simba.

Halafu akaniuliza kama huko ninakokwenda najua habari za dubu. Nikacheka. Nikamwonyesha uwanda wote ule kwa mkono, nikamuuliza dubu atajificha wapi, nyuma ya ngano? Yeye hakucheka. Akaniambia zamani grizli, yaani yule dubu mkubwa wa kutisha, alikuwa akiishi huku huku uwandani, watu wakamsukumia milimani, na sasa anarudi. Anafuata mito, anapita kwenye vichaka vya kingoni, unamkuta kwenye nafaka mahali ambapo hakuna anayemtarajia. Yeye mwenyewe alimkuta nyuma ya zizi lake. Watu wa uwandani wamezoea dubu mweusi anayepita mara moja moja, kwa hiyo wakiona dubu wanajua ni huyo.

"Na wanakosea kwa sababu ya rangi," akasema. "Usiangalie rangi hata siku moja."

Dubu mweusi, akanieleza, anaweza kuwa wa kahawia, hata mwekundu kama udongo. Na grizli anaweza kuwa wa giza mpaka ukaapa ni mweusi. Hapo akachukua bunda lake la uzi, akalisukumiza ndani ya sweta, nyuma ya shingo, akainama mbele ya abiria wote kando ya barabara kuu. Grizli ana nundu pale mabegani. Mweusi hana, mgongo wake umenyooka. Uso wa mweusi unashuka moja kwa moja mpaka puani, wa grizli umebonyea katikati. Masikio ya mweusi ni marefu, ya grizli ni mafupi ya mviringo, yamezama kwenye manyoya. Na kucha: za mweusi ni fupi, za kupandia miti, za grizli ni ndefu za kuchimbia.

Nikamuuliza, kwa kweli kumridhisha tu, tofauti hiyo inanisaidia nini ikiwa wote wana meno. Akasema wote usiwakimbie. Lakini dubu mweusi ukisimama wima ukapiga kelele, mara nyingi anaondoka. Grizli uliyemkuta ghafla kwenye chakula chake, ukimwendea kwa kelele anaona umekuja kumpora, na anakuja kwako. Huyo unazungumza naye taratibu, unarudi nyuma kidogo kidogo, na mkononi una kopo la pilipili ya kupuliza. Akanionyesha lake, analo mkobani pamoja na soksi.

Kwa dada

Kwa wasiojua: sisi Wapare na Wachaga ni watani. Mtani unamsema unavyotaka, hana ruhusa ya kukasirika, na wewe akikusema meza tu. Sasa dada yangu akaolewa na Mchaga, Elibariki, fundi wa matrekta. Mtani, tena shemeji. Ni mkubwa kwangu sana kwa umri, lakini tangu amemwoa dada sijamwamkia hata mara moja. Ningemwambia shikamoo angefikiri kuna msiba.

Alinipokea kituoni kwa sauti ya kusikika mji mzima, akaniuliza mbona nimekuja peke yangu, wakili wangu yuko wapi, maana Mpare hasafiri bila kesi. Nikamwambia wakili nimemwacha London, niliogopa Mchaga atamuuza. Tukakumbatiana. Dada alikuwa amesimama pembeni anafuta machozi, na mimi nikaanza, basi ikawa kazi ya kulia na kucheka mpaka nyumbani.

Jioni hiyo dada alialika Watanzania wachache wa karibu, na karibu kwa kule ni mwendo wa nusu siku. Tulikula ndizi nyama na mchicha uliotoka shambani kwa shemeji. Maana Mchaga huyo hawezi kuishi bila shamba. Bosi wake kampa kipande bondeni, kando ya mto, na pale kapanda mahindi, maharage, mchicha, na kila asubuhi kabla ya kazi lazima ayatembelee mahindi yake kama mtu anayekwenda kusali.

Baada ya kula, simu ikatolewa. Nikaona wageni wanajiweka sawa vitini, nikajua hii si mara ya kwanza. Ilikuwa video ya mwaka jana: shemeji yuko shambani, kashika sufuria na mwiko, anamkimbilia dubu wa kahawia huku anagonga na kumtukana kwa Kichaga. Dubu anatimua mbio, manyoya yanacheza matakoni. Video hiyo imezunguka Kanada yote, na tangu hapo watu humwita Mzee wa Grizli. Akaniambia yule ndiye grizli, wa kahawia, mkali kuliko wote, na ameshamfukuza kwa sufuria ya ugali.

Nikaomba niione tena. Mgongo wa yule dubu ulikuwa umenyooka, uso mrefu, masikio yamesimama. Nikasema, tena kwa upole, huyu si grizli, huyu ni dubu mweusi aliyevaa koti la kahawia.

Jamani, walicheka! Mmoja alipaliwa na soda. Shemeji akasimama akawaambia mmeona, Mpare ametua leo na tayari amefungua kesi, anataka kuninyang'anya cheo. Kila nilivyozidi kueleza habari za nundu na bunda la uzi ndivyo walivyozidi kucheka, na mimi mwenyewe nikaishia kucheka. Dada ndiye aliyenisaidia kuosha vyombo, akaniuliza kama nilikuwa nasema kweli. Nikamwambia kweli.

Dagaa juani

Kesho yake wote wawili walikwenda kazini. Nikakumbuka ahadi yangu kwa mzee wa Queensbury, nikawatandaza dagaa wote kwenye shuka kuukuu juu ya meza ya nje, jua la kutosha, upepo mzuri. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea mtoni. Hilo nimelifikiria baadaye.

Alasiri niko jikoni nakatakata vitunguu, nikainua macho dirishani, nikaona mtu amevaa koti la manyoya anakula dagaa wangu. Ndivyo akili yangu ilivyosema mwanzo, mtu. Halafu akageuka ubavu.

Alikuwa wa giza, kama kahawa isiyo na maziwa. Lakini nyuma ya shingo palikuwa na nundu, si ya kutafuta, nundu kama mzigo wa kuni mgongoni. Uso umebonyea. Masikio nusura nisiyaone. Na kucha alizokuwa akikokotea ile shuka zilikuwa ndefu kuliko vidole vyangu. Nikakaa sakafuni na kisu changu cha vitunguu, nikamwita Mungu kwa majina yote ya Kipare na ya Kiingereza. Nilipopata nguvu ya kusimama tena, meza ilikuwa tupu na shuka imekwenda naye.

Jioni nikaeleza. Shemeji akatoka, akatazama meza, akarudi na uso wa jaji. Akasema ameshaelewa: Mpare amebeba zawadi kutoka London, roho ikamuuma kuigawa, akaila yote peke yake akamsingizia mnyama. Dada akasema, Elibariki, acha, hebu msikilize. Shemeji akasema haya, tuseme alikuja dubu. Alikuwa wa rangi gani? Nikamwambia wa giza. Akapiga makofi. Mweusi basi, na weusi anawajua, hao wanakimbia hata ukikohoa.

Nikamwambia usiangalie rangi. Nikamwambia nundu. Nikamwambia huyu anafuata mto, na mto ndio unapita mahindini kwako, na wewe utamwendea na sufuria, atakuua. Nilisema mpaka sauti ikapasuka. Akanisikiliza, halafu akamwambia dada kwamba sasa amegundua kwa nini sisi Wapare hushinda kesi, kumbe tunalia. Nilitaka kumpiga na kitu. Ndiyo shida ya utani, nyie. Tumezoeana kusemana uongo kwa sauti zote, ya kucheka, ya kulia, ya kuapa, na siku nina la kweli sikubakiwa na sauti ya kulisemea.

Nikataka tuwapigie watu wa wanyamapori. Hapo akawa mkali kidogo, akasema wakija hao watamwamuru akate mahindi, na mahindi yamebakiza kidogo tu kukomaa. Dada akanunua kopo la pilipili ya kupuliza mjini. Shemeji akakataa kulibeba, akasema pilipili yeye huila. Basi kila asubuhi iliyofuata alishuka bondeni na sufuria yake, dada anabaki dirishani hajanywa chai, na mimi nasikiliza gari likirudi. Mbele ya wageni akanipachika jina, Bibi Nundu.

Bondeni

Siku ya nne au ya tano nikashindwa kuvumilia. Jua limeshachomoza, nikachukua lile kopo, nikapanda gari lake bila kuombwa. Akafurahi. Akasema leo Bibi Nundu ataonyeshwa kazi, ila ninyamaze, nisiwafukuze dubu kabla hajanionyesha.

Mahindi yalikuwa marefu kutuzidi, yana umande. Tulitembea pembeni mwa shamba, yeye mbele. Mto ulikuwa unapiga kelele, ndiyo maana dubu hakutusikia. Tukapita kona, na pale mbele, karibu kuliko mlango wa kanisa na madhabahu, mabua yalikuwa yanaanguka moja moja. Alikuwa amekaa kitako, anakula, ametupa mgongo. Mgongo wa giza, umelowa.

"Mweusi huyo," shemeji akaninong'oneza, anatabasamu. "Tazama kazi."

Akainua sufuria juu, mwiko mkono wa pili, akavuta pumzi, akaanza kwenda. Na yule dubu akageuza ubavu kidogo kufuata hindi jingine, nikaiona nundu.

Nilitaka kupiga kelele, "Grizli!" Lakini neno hilo nililitumia siku zote hizo mpaka likawa kichekesho cha nyumba. Nikimwita mjinga, ni utani. Nikilia, ni utani. Nikimshika shati ataniburuta. Kopo lilikuwa mkononi na sijui hata linafunguliwaje. Niliona kabisa jinsi atakavyokufa, na nikamwona dada yangu dirishani.

Nikasimama wima, nikasema taratibu, kama binti aliyelelewa vizuri, "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," akaitikia.

Ilimtoka yenyewe, kama inavyomtoka kila mtu mzima. Mguu mmoja ulikuwa bado hewani. Akaushusha chini, akageuka kunitazama, na sufuria yake juu ya kichwa. Sijui aliona nini usoni kwangu. Tabasamu lilimpotea lote.

"Nakuomba," nikamwambia. "Usigonge. Turudi nyuma."

Dubu akasikia. Akasimama kwa miguu miwili, akanusa upande wetu, na sasa shemeji akamwona uso kwa uso, ule uso uliobonyea, na zile kucha zinaning'inia kifuani. Akateremsha mikono polepole, sufuria akaibana tumboni. Tukaanza kurudi kinyumenyume. Yule mwanamume aliyewatukana dubu wote wa Kanada alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Samahani, baba. Kula tu. Kula, ni yako." Dubu akashuka chini, akapuliza pua, akagongesha meno, akapiga hatua moja kuja kwetu, nikafikiri basi. Halafu akarudi kwenye hindi lake.

Ndani ya gari ufunguo haukuingia. Nikamshika mikono kwa mikono yangu miwili, tukakaa hivyo mpaka tukaweza.

Ofisa wa wanyamapori tuliyempigia simu alikuja mchana, msichana mrefu mwenye madoadoa usoni. Akatuonyesha nyayo kwenye tope, alama za kucha ziko mbali mbele ya vidole. Grizli, dume kubwa. Dada akamwonyesha na ile video. Akaitazama, akasema kwa adabu kwamba huyo wa kahawia ni dubu mweusi. Shemeji akaitika kwa kichwa tu. Ofisa alipohakikisha bondeni hakuna kitu, akakaa garini kwake kulinda, na shemeji akayakata mahindi yake yote, mabichi kwa makavu, na hakuna aliyemwamuru.

Kurudi

Mngedhani nilifurahi kushinda kesi. Wapi. Siku zilizobaki nyumba ilikuwa baridi kama ofisi. "Shemeji, karibu chai." "Ahsante, shemeji." "Umelala salama, shemeji?" Alinifungulia mlango. Alinipa kiti chake. Dada akanivuta chumbani akaniuliza kama tumegombana. Nilikuwa nimemrudisha mumewe akiwa hai, nikampoteza mtani wangu, na iliniuma kweli.

Walinisindikiza wote mpaka uwanja wa ndege. Dada akabaki mbele ya gari anaongea na kazini kwake kwa simu, shemeji akazunguka nyuma kunishushia begi. Akalishusha, lakini hakuniachia mkono wa begi. Akaangalia chini.

Akasema tangu siku ile kuna jambo moja linamrudia. Mnajua kwetu mtu akifa, mtani huja msibani kumwigiza. Anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, wafiwa wanacheka huku wanalia. "Nilipomwona yule kasimama," akasema, "nikawaza, nikifa hapa ni huyu Mpare atakayeniigiza. Na ataniigiza vibaya."

Basi nikaweka mkoba chini, pale pale kwenye maegesho, watu wanapita na mizigo yao. Nikalitoa tumbo mbele kama lake. Nikainua sufuria ya hewani juu ya kichwa, mwiko mkono wa pili, nikanyata kwa mwendo wake ule wa bata, nikainua mguu mmoja, nikaganda hivyo, nikasema kwa sauti yake nzito ya Kibosho, kwao Uchagani, "Marahaba."

Alianza kama mtu anayekohoa. Halafu akacheka mpaka akaegemea gari, mpaka akachuchumaa, machozi yanamtiririka, na hayakuwa ya kicheko peke yake. Akaniita Mpare mwehu. Akasema hata kuigiza maiti sijui, nirudi shule. Nilimsikia akinitukana, na mimi nikalia kwa furaha, nimesimama na sufuria yangu ya hewani.

Dada akakata simu, akatoa kichwa dirishani akatuuliza tunafanya nini huko nyuma mbele za watu.

"Tunamzika mumeo," nikamwambia.